Mjomba, Nimeteuliwa Mshauri wa Mlima

Lillehammer, Norwei
Juni, siku ya mvua

Mjomba,

  Kabla hujawasomea wote barua hii kwa sauti barazani, naomba uipitie kwanza peke yako. Ndani yake mna jambo la aibu, na mama ana masikio.

Jambo lenyewe ni hili: Jumamosi moja ya Julai napanda mlima.

Yalianzia jikoni kazini, mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imejaa hadi madirishani. Tumekaa tunakunywa kahawa, sisi tunaohudumia wazee zamu ya asubuhi, mmoja akasema mwaka huu twende wote Galdhøpiggen. Huo ndio mlima mrefu kuliko yote Norwei, na Skandinavia nzima: mita 2,469. Wote wakageuka kunitazama. "Wewe si umetoka Kilimanjaro?" akauliza mkuu wa zamu. Nikasema ndiyo, na ni kweli. Kwetu Marangu mtu akipiga chafya kwenye geti la kupandia mlima sisi tunamwitikia. Akasema, "Basi kwako huu ni kichuguu."

Mjomba, hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Niseme kwamba nimezaliwa chini ya mlima ule, nimekua nikinywa maji yake, lakini lile geti sijalivuka hata siku moja. Ile safari ya darasa la sita unaikumbuka: nilitapika kwenye basi, mwalimu akanirudisha nyumbani kwa pikipiki. Sikusema uongo, mjomba. Nilikunywa kahawa tu. Nilipoweka kikombe chini nilikuwa nimeshateuliwa mshauri wa mambo ya mwinuko.

Watu hawa kwa kupanga hawajambo. Harusi ya dada yangu ilipangwa kwa wiki tatu na watu mia nne wakala wakashiba. Safari hii ya siku mbili, ya watu saba, imeshakaliwa vikao vinne vyenye kumbukumbu zilizoandikwa. Kuna jedwali: nani analeta plasta, nani ramani, nani chupa ya chai. Kwenye jina langu pameandikwa "uzoefu".

Nikaenda kutafuta huo uzoefu kwenye simu, usiku, nimejifunika blanketi. Nikakuta habari njema. Gari linapanda hadi mahali panapoitwa Juvasshytta, mita kama 1,840 hivi. Nikalinganisha na geti letu la Marangu, nikaona hapapishani sana. Tena Mandara, pale mlipokuwa mnalala usiku wa kwanza wa kupanda Kilimanjaro, ni mita 2,720. Kwa hiyo, mjomba, hawa watu wanakuacha getini, unatembea siku nzima, unafika kileleni, unapigwa picha, na bado hujafika Mandara! Nililala usingizi mzito usiku ule.

Kesho yake nikasoma ukurasa wa pili. Kati ya Juvasshytta na kilele pamelala mto wa barafu, na jina lake ni Styggebreen. Nimekaa huku miaka sita, lugha naijua kiasi cha kuumia: stygg ni kitu kibaya, cha kutisha. Mtu aliyeupa jina hakuwa anatafuta watalii.

Barafu ile si kama ya kwenye friji, imetulia inasubiri soda. Inatembea. Inateremka polepole kwa uzito wake, na ikifika penye mwinamo au kona inapasuka nyufa ndefu za kwenda chini. Theluji ya msimu wa baridi inazifunika zile nyufa, kama mkeka juu ya shimo la choo. Ndiyo maana hakuna anayekatiza peke yake. Mnafungwa kamba moja wote, mkanda kiunoni na mapajani, mwongozaji mbele, mnafuatana kama mbuzi wa mnadani. Mmoja akidumbukia, wengine wanajitupa chini na kumshikilia. Kanuni nzuri, lakini mimi nimeshaangalia tunavyopangwa. Mbele yangu atakuwa mpishi wetu, kilo 110, mtu mwema sana. Mimi nina 62. Akienda yeye, mimi ni kifungo cha shati kinachomfuata.

Kumbe ipo njia nyingine, kutoka bonde la Spiterstulen, haikanyagi mto wa barafu kabisa. Ni ndefu zaidi na inaanzia chini sana, mita 1,100 hivi, lakini ni mawe matupu. Nikaipendekeza kikaoni, nikasema nawafikiria wenzangu. Wakacheka, wakaniona mnyenyekevu. Wakapiga kura, barafu ikashinda sita kwa moja. "Tumechagua kwa heshima yako," wakaniambia, "ujisikie nyumbani."

Sasa mjomba, kaa vizuri, nikueleze la kikao cha tatu. Tulikuwa kwenye mizigo. Mimi kwa nia safi kabisa, nikitaka nionekane mshauri, nikauliza: "Wapagazi tuchukue wangapi?"

Kimya. Hata friji ililia peke yake. Kisha mmoja akaniuliza kwa upole, kama tunavyowauliza wazee wetu waliosahau siku, namaanisha nini. Nikaeleza. Wakatazamana. Huku hakuna mpagazi, mjomba. Kila mtu anabeba chake. Mkurugenzi anabeba. Daktari anabeba. Akina mama wanabeba mtoto mgongoni na begi mbele. Nimeona kwa macho yangu mbwa amefungwa vimfuko viwili mbavuni, kimoja chakula chake, kingine sijui, labda vitambulisho. Na hawanung'uniki, ndiyo raha yenyewe wanayoifuata.

Nilikukumbuka wewe, mpagazi wa Kilimanjaro, pale pale. Mizani ya getini inasema kilo 20, ya mgongoni kwako ilikuwa inasema mengine. Miaka 19 umebeba mahema, viti vya kukunja, mayai trei nzima, mara ile hadi choo cha plastiki, na mwenye choo yuko mbele anatembea na chupa ya maji. Nasi tukaamini kwamba mzungu kwa maumbile yake hawezi kubeba. Kumbe wanaweza! Kwao wanabeba vizuri tu, tena wanapanda wakiimba. Nimefikiria sana kama nikuandikie hili au nilimeze. Nimeona ulijue, lakini pale kijiweni kwa wapagazi wenzako lipeleke taratibu.

La mavazi nalo. Katika nyumba ya wazee ninapofanya kazi kuna bibi mmoja wa miaka 88, miguu imegoma lakini akili inakata kama wembe. Galdhøpiggen kaupanda mara nyingi asizoweza kuzihesabu, mara moja akiwa na mimba. Aliposikia nakwenda akaniita kitandani, akaomba kuiona fulana nitakayovaa ndani. Nikamletea ile nyeupe uliyonipa ya Uhuru Marathoni. Akaishika kwa vidole viwili, akaisugua polepole kama karani wa forodha, uso ukabadilika. "Pamba," akasema, kwa sauti ambayo wewe ungesemea "nyoka". Pamba ikilowa jasho haikauki, inakugandia, baridi ikija inakumaliza. Sufu ya kondoo hata ikilowa inakupa joto. Chupi ya sufu, soksi za sufu, fulana ya sufu. Nikamwambia bibi, hiyo si itawasha? Akasema kuwasha ni dalili kwamba bado u hai.

Nilimwona anatia chumvi, mpaka niliposoma habari ya kanzu ya Lendbreen. Ni huko huko Lom tunakokwenda. Barafu za milima ile zinayeyuka, na kadiri zinavyorudi nyuma zinaacha wazi vitu vya watu wa kale: mishale, viatu, mavi ya farasi. Mwaka 2011 ikaonekana nguo, imekunjamana pale juu. Walipoipima, ina miaka kama 1,700. Ndilo vazi kongwe kuliko yote yaliyowahi kupatikana Norwei. Sufu, mjomba. Nilipomsimulia bibi hakushangaa. Aliuliza tu mwenyewe kaivulia wapi katika baridi ile.

Ya kuyeyuka unayajua kuliko mimi. Wewe ndiye ulituonyesha kwa fimbo, umesimama kwenye migomba, barafu ya kilele cha Kibo ulipoanza kazi ilikuwa inafika wapi. Hapa nao wanaonyesha hivyo hivyo, kwa kidole, na wazee wananyamaza kidogo wakishaonyesha.

Viatu nimenunua. Dukani wana kilima kidogo cha mawe, unakipanda na kukishuka huku muuzaji anakutazama magoti. Bei usiulize. Basi uliza: kroni 2,400, karibu laki sita za kwetu. Mbuzi wanne wako miguuni mwangu. Chakula kwa heri mtori, ni mkate baridi wenye jibini ya kahawia tamu kama tofi, kila kipande kimetengwa na kikaratasi chake kama mafaili ya mahakamani. Ila kileleni kuna kibanda kinauza kahawa na chokoleti, na hicho kibanda ndicho ninachokipanda mimi. Wenzangu wanapanda mlima.

Kitu kimoja nimekipenda kwa moyo wote. Wana kanuni tisa za mlimani, zilizosambazwa kwa nguvu baada ya Pasaka ya 1967 watu wengi walipofia milimani, na kila mtoto anazijua kama sisi Baba Yetu. Panga safari, uwaambie watu njia utakayopita. Sikiliza utabiri wa hewa. Sijui ramani na dira. Nimezipitia harakaharaka hadi ya nane: geuza mapema, kurudi si aibu. Ukisema sentensi hiyo, hata mita kumi kabla ya kilele, hakuna Mnorwei atakayekucheka; atakupa mkono na kukusifia akili. Nimeikariri kwa lafudhi. Naisemea kwenye kioo asubuhi ninapopiga mswaki. Wasiwasi wangu ni kwamba mlima huu haufiki hata Mandara, na hawa wanadhani mimi nimefika kilele cha Uhuru.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwanza, unijibu kabla ya mwezi huu kuisha: mtu akiteremka, vidole vya miguu vinafanywaje visigonge mbele ya kiatu? Ulikuwa unafunga kamba kwa namna fulani, ukikaza pale juu ya kifundo, nilikuwa nakuona lakini sikuangalia. Andika, usitume sauti ya dakika kumi na moja kama ile ya majuzi, nusu nzima ilikuwa jogoo.

Pili, wamenitaka picha yangu nikiwa kwenye kilele cha Kilimanjaro, waibandike jikoni. Ile yako ya siku uliyokwenda kama msaidizi wa mwongozaji, umesimama penye kibao, kofia nyekundu, skafu imefunika hadi puani, bado ipo ukutani? Tunafanana macho. Mtume mtoto aipige kwa simu, asichukue ile kona yenye mwaka.

Mama usimwambie habari ya nyufa. Mwambie tunakwenda Lom kuona kanisa la mbao la karne ya 12. Si uongo, mjomba. Liko njiani.

Mpwa wako