Waraka kwa Wanaotuuzia Umakini

Waheshimiwa Watengenezaji wa Programu za Kujisomea,

Natumaini waraka huu unawakuta mkiwa wazima na mmetulia, neema ambayo nyumbani kwangu haijawahi kupiga hodi.

YAH: USAHAULIFU WA MWANANGU NA MAPATO YENU

Mwanangu yuko mwaka wa pili chuoni, hapa Dar es Salaam. Ana ADHD. Walimu wa msingi walimwita mtukutu, shangazi zake wakasema ana mashetani. Daktari ndiye aliyetupa jina lenye manufaa. Huyu kijana anaweza kuinamia injini ya bodaboda saa nne nzima bila kukumbuka maji, kisha akashindwa kufungua ukurasa mmoja wa takwimu. Kinachomshinda ni kuanza. Na akishaanza, hajui saa zimekwenda wapi.

Ndipo tukawakimbilia ninyi. Programu ya kwanza ilimtaka, kabla ya lolote, ajaze masomo yote, tarehe za majaribio, malengo ya muhula na rangi ya kila somo. Hongereni sana. Mmejenga zahanati ya waliovunjika miguu mkaiweka ghorofa ya tano, tena bila lifti. Alichagua rangi mpaka saa sita usiku. Zilipendeza mno. Takwimu hazikuguswa.

Ya pili ilikuwa na mti unaokua kwenye skrini mradi usiguse simu. Wazo zuri, sikatai. Kwa wiki moja mwanangu aliua msitu mzima, kisha akaona aibu kuufungua tena.

Ya tatu ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika. Siku 7 za bure, mkasema, halafu malipo ya mwaka yanajikata yenyewe msipoambiwa muache. Mlimwambia hivyo mtu ambaye ugonjwa wake ni kusahau! Siku ya nane kadi yangu ikakatwa shilingi 96,000. Sidai kwamba mlikusudia. Nastaajabu tu jinsi biashara yenu ilivyobahatika kupata wateja wanaoifaa hivyo.

Wala si mimi wa kwanza kunung'unika. Mwaka 2016 huko Marekani, kampuni ya michezo ya ubongo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo kuishtaki kwa madai ya matangazo yasiyo na ushahidi wa kutosha, likiwemo la kupunguza athari za ADHD. Ikaamriwa pia iwape wateja njia rahisi ya kusitisha malipo yanayojirudia. Naomba mwisome amri hiyo, kwa wakati wenu.

Siku hizi naichunguza programu kabla haijaingia kwenye simu yake. Nahesabu: kutoka kuifungua mpaka kusoma, anabofya mara ngapi? Zikizidi tatu, asante. Nazima bando nione kama bado inafanya kazi. Nazima arifa zote. Ikigoma kuishi bila kupiga kelele, nayo asante. Anki imefaulu, kwani haihitaji intaneti ili kupitia kadi za maswali, na kwenye kompyuta ni bure. Lakini kadi namsaidia kuziandika mimi, na akikosa siku tatu zinamrundikia kama vyombo baada ya harusi.

Kingine kinachomfaa ni saa ya jikoni. Mwitaliano Francesco Cirillo, alipokuwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980, alitega saa yenye umbo la nyanya, na humo ukatoka mtindo wa kusoma dakika 25 na kupumzika 5. Ninyi mmeigeuza nyanya hiyo kuwa programu, mkaiweka ndani ya simu, pamoja na mpira na vichekesho. Yetu inakaa mezani na haina kingine cha kumwonyesha. Mimi nakaa upande wa pili nachambua mchele, maana akiona mtu karibu anafanya kazi, naye anafanya. Nasikia sasa kuna wanaouza hata huduma hiyo ya kukaa na mtu akisoma, kwa video. Bei yangu ni kikombe cha chai.

Ombi langu ni moja. Mnajua kumwamsha saa nane usiku kumweleza kwamba hajawatembelea siku mbili. Tumieni kengele hiyohiyo, kwa sauti hiyohiyo, siku moja kabla ya kukata pesa.

Ndimi,
Mama yake

N.B. Nilimwomba naye aweke sahihi. Alisema anakuja.