Sufle Haimsubiri Imamu

Habari imefika Michenzani kabla yangu. Jana usiku tumekwenda kula hotelini, Mji Mkongwe, na leo asubuhi, sijanunua hata andazi moja, muuza maandazi amenipa pole na kuniuliza kama ni kweli nimemlisha mama mkwe povu. Nimemjibu kwamba lile halikuwa povu, ilikuwa sufle. "Ndiyo hiyo hiyo," akasema. "Bi mkubwa kasema imekufa mezani."

Basi acheni niieleze mwenyewe, maana huko inakopita inazidi kuongezewa chumvi.

Hoteli sitaitaja. Ni mojawapo ya zile nyumba za mawe zenye mlango wa nakshi na misumari ya shaba, iliyokuwa ikikaa ukoo mzima, na sasa ina vyumba vya wageni na mgahawa juu ya paa wenye mapishi ya Kifaransa. Kijana aliyetuhudumia alitusalimu kwa Kiingereza. Mama mkwe akamtazama. "Mwanangu, shikamoo imekushinda?" Kijana akaweka menyu chini, akainama kidogo. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Mtoto wa wapi wewe?" "Makunduchi." Mambo yakaanza vizuri.

Kikwazo kilikuwa mvinyo. Wafaransa wana ufundi mmoja wa mchuzi ambao nauhusudu. Nyama ikikaangwa, chini ya sufuria hushika ukoko wa kahawia. Sisi ukoko tunaugombania. Wao huumwagia mvinyo sufuria ikiwa bado ya moto, ukabanduka wote, wakauchemsha pamoja na supu ya mifupa mpaka uwe mzito, kisha wakautia siagi baridi kidogo kidogo mchuzi ung'ae. Utamu uliokuwa uende na maji ya kuoshea vyombo unarudi sahanini. Ila ndiyo hivyo: kuku ana mvinyo, ng'ombe ana mvinyo, na samaki niliyemdhania salama kamwagiwa mchuzi wa siagi ambao ulianzia kwenye mvinyo mweupe. "Kwa moto huruka wote, bibi," kijana akatutoa wasiwasi. "Ukiruka unakwenda wapi," mama akauliza, "na sisi ndio tumekaa juu ya paa?" Na kwa kweli hauruki wote, kiasi hubaki. Tukakubaliana yeye aletewe changu wa kuchoma, mkavu, nami sufle ya chizi, kwa kuwa menyu nzima haikuwa na chakula kingine cha kushibisha ambacho hakijaonja chupa.

Mama akataka vyote viletwe kwa pamoja. Kijana akaeleza kwa upole kwamba kwa taratibu za Kifaransa vyakula huja kimoja kimoja. Hapo namtetea mama mkwe. Mpaka karne ya 19 karamu za Paris ziliandaliwa vyakula vingi kwa mpigo, mezani pote, kila mtu akajipakulia kilichokuwa karibu naye, na huo ndio uliokuwa ukiitwa utaratibu wa Kifaransa. Huu wa sahani moja moja waliuchukua kwa Warusi, na jina la Kirusi wakaliacha humo humo. Auguste Escoffier, yule ambaye kitabu chake cha mwaka 1903 wapishi wanakisoma mpaka leo, alishalikuta jambo limekwisha kubadilika. Kwa hiyo juu ya paa lile aliyeshika ada ya kale ya Ufaransa alikuwa ajuza aliyezoea sinia na mkeka. Nilianza kumfafanulia kijana, nikakanyagwa mguu chini ya meza.

Sasa sufle. Msingi wake ni siagi, unga na maziwa, vilivyokorogwa motoni vikawa uji mzito. Maziwa yenyewe huweza kuchemshwa na kitunguu kilichochomekwa karafuu. Viini vya mayai na chizi huingia humo. Maajabu yako kwenye ute. Ukiupiga, nyuzi zake za protini zinafumuka, zinashikana upya na kuzingira mapovu ya hewa. Tone la mafuta tu, au chembe ya kiini, na povu huweza kukataa kusimama vizuri. Wafaransa wa zamani walipigia ute kwenye bakuli la shaba, kwa sababu chembe za shaba huingia katika ute na kuliimarisha povu. Mama mkwe hukamulia ndimu ili kukata shombo, na ndimu nayo, bila yeye kuombwa na mwanasayansi yeyote, inaliimarisha povu hilo hilo.

Kisha tanuri. Mimi nilikuwa nikiamini kwamba sufle hupanda kwa hewa iliyopata joto. Piga hesabu: hewa ikitoka joto la chumba mpaka nyuzi 100 za Selsiasi huongezeka kwa robo tu, na sufle nzuri hupita hapo kwa mbali. Kinachoisukuma zaidi ni maji ya mayai na maziwa yanayogeuka mvuke na kuingia kwenye yale mapovu, huku yai likiiva na kukaza kuta zake. Ukishaitoa nje, mvuke unarudi kuwa maji, mapovu yananywea, kuta ni laini mno, na paa linaanza kushuka. Una dakika chache tu. Ndiyo maana huagizwa mapema na mlaji huwa amekwisha kukaa kitako. Ni chakula kinachompangia saa mtu aliyekilipia.

Kijana alisema dakika ishirini. Katikati ya dakika hizo ikaadhiniwa isha. Mji Mkongwe hujivunia kwamba huwezi kutembea mbali bila kukuta msikiti, na mmoja ulikuwa karibu na ngazi za hoteli. Nikahesabu: kushuka, udhu, rakaa nne, kupanda. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Imamu ndiye aliyechagua, usiku ule kuliko usiku wote, sura ndefu, tena akaisoma kwa tajwidi ya mashindano.

Niliporudi, mpishi mwenyewe amesimama kando ya meza, kofia mkononi. Kijana amesimama. Watalii wa meza ya pili wameacha kula. Katikati ya kikombe cheupe palikuwa na shimo, na mama mkwe analichungulia. "Ilikuja imesimama hivi," akanionyesha kwa kiganja, "tukaiangalia inakwenda, inakwenda." Kisha akamgeukia mpishi, amesahau kwamba yule hajui Kiswahili: "Baba, unga umetia mchache. Mkate wangu wa mayai makaa huwa juu na chini, na ukitoka unakaa mpaka wageni waondoke." Kijana wa Makunduchi akatakiwa kutafsiri. Sijui alisema nini, lakini mpishi alimpa mama mkono.

Niliila. Ilikuwa tamu, nzito, na imepoa. Mengine yaliyonipata, ya leso ya kitambaa iliyoanguka na kupepea mpaka mtaani na ya kipande cha siagi nilichokitafuna kwa kudhani ni chizi, hayana haja ya kuelezwa.

Bili ikaja kwa dola. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za bidhaa na huduma nchini kutajwa kwa fedha za kigeni, lakini habari hiyo haijafika juu ya paa. Nikaibadilisha kichwani: sufle yangu ilikuwa sawa na trei kadhaa za mayai. Na menyu inajisifu kwa karafuu za Zanzibar. Nazo zilipitia kwa Wafaransa: Pierre Poivre alipokuwa akisimamia utawala wa Mauritius alipeleka watu kwenda visiwa vya Maluku, wakatoa miche kwa siri chini ya pua za Waholanzi, ikafika kisiwani kwake mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne iliyofuata mkarafuu ukaletwa huku kutoka visiwa vyao. Ukapandwa na kuchumwa na watumwa, kisha na wajukuu zao. Leo karafuu inarudi imechomekwa kwenye kitunguu, na mjukuu wa mchumaji anaulizwa mlangoni anamtafuta nani.

Ndiyo, tuliulizwa. Askari wa mlango aliwapisha Wazungu wawili waliovaa kaptula, akatusimamisha sisi, mimi na kanzu yangu na mama na buibui lake. Mama alikuwa ameshawahi kuchezea ngoma ya harusi katika uwanja wa ndani wa nyumba ile, na alimwambia hivyo. Askari akasema hiyo ilikuwa zamani.

Kwa hiyo nawaomba wenye hoteli. Andikeni shilingi. Wekeni ukurasa wa Kiswahili, hata mmoja, wenye kusema wazi kipi kina mvinyo. Wafundisheni askari wenu kwamba mwenyeji naye hupata njaa. Na ile sufle, mkiwa na mgeni wa mji huu, msiitie tanurini mpaka msikie imamu ametoa salamu.