Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika

Ndugu Mamlaka Husika,

YAH: OMBI LA KUPIMIWA KONOKONO, KAA NA KAMBARE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Anwani yako sina, ila kila ofisi ninayoingia hapa Mpanda naambiwa nikuone wewe.

Kwanza hongera kwa sangara. Mwaka 1999 Ulaya ilipomfungia mlango kwa hofu ya sumu ya kuvulia Ziwa Victoria, tuliona kumbe nchi ikitaka kukimbia inakimbia. Leo sangara apandaye ndege ana maabara yake Nyegezi, Mwanza, na vyeti kunizidi mimi. Kosa la kambare wetu ni kwamba haendi Brussels. Safari yake inaishia sufuriani kwangu.

Huku Dirifu na Ibindi wachimbaji wadogo humimina zebaki kwenye karai la mchanga uliotoka karasha, wakaikoroga kwa mikono mitupu, wakaikamua kwa kitambaa, na kile kidonge kinachobaki wakakichoma juu ya jiko la mkaa. Moshi unajiendea. Maji ya karai nayo, mvua ikinyesha, yanafuata bonde. Kwenye tope la mtoni wamo bakteria wanaoigeuza zebaki hiyo kuwa ya aina inayong'ang'ania mwilini. Konokono anakula tope, kaa anakula konokono, kambare anawala wote wawili, na kambare mwenyewe (mbichi au wa kukausha, sichagui) namla mimi.

Tena kuna madini ya risasi. Mgodi wake wa Uruwira ndio uliotuletea reli kutoka Kaliua mwaka 1950, ukafungwa 1960. Reli tunaiona. Yaliyobaki ardhini hatujasomewa.

Siombi makubwa. Marekani tangu 1986 wana mpango wa kupima kome na chaza wa pwani zao, maana kome hahami na huchuja kila kinachopita. Kule Minamata, Japani, ripoti ya kwanza ilitolewa na paka: waliyumba na kuanguka kabla ugonjwa wa watu, waliokula samaki na kombe wale wale, haujatangazwa mwaka 1956. Mkataba wa zebaki wenye jina la mji huo tumeuridhia 2020, na sina shaka umetunzwa vizuri kwenye faili.

Paka wangu hajambo mpaka sasa. Kama bajeti ya maabara haijatoka, yuko tayari kuajiriwa kwa mkataba, posho nusu kambare kwa siku. Ikitoka, nitaleta kaa kwenye ndoo. Nielekezwe dirisha tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mla Kambare, Mpanda