Shikamoo Zenu Tumezipokea, Tunaomba Kibali

Ndugu Afisa Mipango Miji,

YAH: MAOMBI YA KUBADILI MATUMIZI YA KIWANJA CHETU KUTOKA MAKAZI PEKEE KWENDA BAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote tunakushukuru kwa adabu ya vijana wako. Hatujawahi kufika ofisini kwako tukakosa shikamoo. Tunaipata getini, tunaipata masjala, na yule binti wa mapokezi huinuka kabisa kitini, akakunja goti, akauliza bibi umeamkaje, ndipo aseme mkuu yuko Dodoma. Wiki inayofuata mkuu amerudi ila yuko saiti. Akitoka saiti, mtandao unasumbua. Mtandao ukitengemaa, faili halionekani, na kijana analitafuta kwa heshima zote, anaingia hadi chini ya meza mbele ya macho yetu, anatoka na vumbi magotini: "Mzee wangu, njoo tu Jumatatu." Wangetutukana tungejua pa kushitaki. Ukizungushwa na mtu anayekuita baba, unakwenda kusema nini, na kwa nani?

Maombi yetu ya kwanza unayafahamu. Mwenzetu mjane ana nyumba kubwa kwenye kiwanja cha ujazo mdogo, watoto wametawanyika na wajukuu anawaona kwenye simu. Akataka ajenge uani vyumba kumi na viwili vya chini, visivyo na ngazi hata moja, milango mipana ya kupitisha kiti cha magurudumu, vyoo vya kukaa vyenye bomba la kushikia ukutani, jiko moja la pamoja na chumba cha nesi. Tuingie wastaafu wenzake, kila mtu kwa kodi ambayo pensheni inaweza kuibeba.

Ukatujibu kwamba mchoro wa mipango miji unasema "makazi pekee", yaani nyumba moja ya familia moja, na wazee kumi na wawili wasio ndugu si familia. Tukauliza, basi tuwe biashara? Eneo halikupangwa kwa biashara. Taasisi? Kiwanja hakitoshi. Kumbe katika orodha yako ya matumizi hakuna mahali pa watu kama sisi. Hata hivyo tulisimamisha bango la kusudio, tukalipia tangazo gazetini, tukasubiri pingamizi. Hakuna jirani aliyepinga. Pengine hawakutusikia kwa sababu ya muziki, maana kushoto kwetu kuna baa.

Ndiyo, kwenye "makazi pekee". Kulia wanaosha magari, nyuma kuna gereji ya kunyoosha bodi, na ng'ambo ya barabara kuna ukumbi wa sherehe ambao MC wake tunamjua kwa sauti kuliko tunavyozijua sauti za watoto wetu. Wote hao mchoro umewaona, ukawapisha.

Tumekaa kikao, tukatafakari kama watu wazima, tukabaini kwamba kosa ni letu: tuliomba kitu kisichojulikana. Kwa barua hii tunafuta maombi ya awali na kuomba tutambuliwe kuwa baa.

Itaitwa Baa ya Kikokotoo, kwa heshima ya mtaji wake, kwani wengi wetu tulistaafu wakati mkupuo wa pensheni ukiwa asilimia 33. Kutakuwa na kaunta ndefu yenye wavu, na nyuma yake chupa zimepangwa kwa safu: za presha, za sukari, za matone ya macho, na pembeni dawa ya kuchua. Mhudumu, ambaye kwa bahati amesomea unesi, atapita meza hadi meza na trei, kila mteja akipewa kinywaji chake kwa saa yake, na hataongezewa hata akiapa kwamba hakijamwingia. Supu ya asubuhi ipo, ya kuku wa kienyeji, haina chumvi. Vyumba vyote kumi na viwili vitakuwa VIP. Tumeajiri mabaunsa wawili wenye mikono laini, kazi yao ni kumnyanyua mteja aliyeshindwa kuinuka; tofauti na kwa jirani, wa kwetu ameangushwa na magoti. Muziki utakuwepo, tunajua baa ya kimya itatiliwa shaka: tutafungulia taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwa sauti ya juu kabisa, maana masikio nayo yameanza kustaafu, kisha matangazo ya vifo, ambayo wateja wetu huyafuatilia kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga.

Mkaguzi akija usiku hatakuta upungufu. Wateja watakuwa wakiyumba kwenda chooni. Watakuwa wakirudia hadithi ileile, wakibishana juu ya mwaka, wakilia ghafla wanapomkumbuka marehemu. Shida ni moja tu, kwamba ikifika saa tatu tutakuwa tumelala. Kwa hilo tunaomba radhi, na tuko tayari kuacha taa za rangi zikiwaka na spika ikipiga uani mpaka alfajiri ili tusivunje taratibu za eneo la makazi. Leseni ya vileo tutaikata, ingawa kinywaji chetu kikali kuliko vyote ni chai ya tangawizi.

Ikishindikana baa, tuandike sheli. Ikishindikana sheli, yadi ya magari ya mtumba. Baadhi yetu tuna maili nyingi lakini injini bado. Tunaomba pia benchi kwenye korido yako, na kijana wa masjala afundishwe kuliamkia faili, huenda nalo litaitika.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee atunzwe ndani ya jamii yake, makazi ya kulelea yawe hatua ya mwisho. Tunakubali. Sasa hiyo jamii atakaa nayo kwenye chumba kipi? Mwenzetu mmoja, aliyekuwa fundi wa reli, amepanga ghorofani kwa sababu ndiko kulikokuwa na bei yake. Anashuka ngazi kwa kukaa, moja baada ya nyingine, fimbo ameichomeka kwenye mkanda, na wapangaji wanamruka. Makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni au Kolandoto Shinyanga ni ya wasiojiweza, wasio na mtu. Sisi tuna pensheni, tuna watoto, tuna hati, kodi ya ardhi tunalipa kila mwaka. Kwa hiyo mnasubiri nini? Tufilisike, tutelekezwe, tuoze, ndipo tutoshe kwenye mchoro wenu? Zanzibar waliwatengea wazee nyumba Sebleni na Welezo, na tangu 2016 wanampa pensheni kila aliyefikisha miaka 70. Hatuombi hata hilo. Hatuombi senti ya mtu. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inakuruhusu kubadili matumizi, na tumeona kalamu hiyohiyo ikigeuza uwanja wa kuchezea watoto kuwa fremu za maduka. Ikifika kuandika "makazi ya wazee" ndipo inaishiwa wino?

Mmoja wa waliosaini maombi ya kwanza tulimzika kabla ya masika. Rambirambi kutoka ofisini kwako ilifika siku ileile. Kumbe mnaweza kuwahi.

Samahani, Ndugu Afisa. Hiyo ni presha, na dawa yake ipo kaunta, tukishapata kaunta.

Tunaambatanisha nakala ya hati, risiti ya kodi ya ardhi, mchoro wa choo, na picha ya bango letu la kusudio. Bango lenyewe hatunalo; watu wa gereji wanafunikia injini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wastaafu wa Uani

Nakala:
Mtendaji wa Mtaa.
Mwenye baa ya jirani, ajiandae kwa ushindani.