Nilivyokikwepa Kirusi Kwenye Pantoni

Mke wangu alinikuta saa tano za usiku nikiipiga pasi noti ya elfu kumi. Hakuuliza kitu. Alisimama mlangoni akanitazama ninavyoigeuza taratibu, kama mtu anayegeuza chapati, kisha akasema, "Baba watoto, ukimaliza hiyo kuna sare za shule hapa," akarudi kulala. Shule zenyewe zilikuwa zimefungwa.

Ulikuwa mwaka 2020. Machi 16 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyetoka Ubelgiji na kutua Kilimanjaro. Kutoka Kilimanjaro hadi Kigamboni ninakoishi ni zaidi ya kilomita 500. Mimi jioni ile ile koo lilianza kuniwasha.

Nikiri mapema: mimi ni mtu wa tahadhari. Maji ya kunywa nayachemsha, nayachuja, kisha nakaa nayatazama. Kwa hiyo korona ilipoingia sikuanza kujifunza woga. Nilikuwa nao, ulikuwa unangoja tu kazi. Nikasoma kila nilichoweza kusoma. Nikajua kwamba kirusi kimevaa koti la mafuta, na kwamba sabuni hulivua koti hilo kama inavyoondoa mafuta ya samaki kwenye sufuria, ndiyo maana tunaambiwa tunawe kwa sekunde 20. Nikajua kwamba kwenye boksi kirusi kinaweza kukaa siku moja, na kwenye plastiki hadi siku tatu. Siku tatu! Nikamshukuru moyoni kila aliyehusika kupiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019. Wenzangu waliona wanalinda mazingira, kumbe walikuwa wananilinda mimi.

Nyumbani sikuwa na hofu. Nyumbani ni kwangu, najua kila kilichoingia na kila kilichotoka. Hofu yangu yote ilikuwa nje, na nje kwangu kulianzia kwenye pantoni.

Asiyeijua pantoni ya Kigamboni nimweleze. Ukitaka kufika Posta asubuhi, unalipa nauli, mwaka ule shilingi 200, unaingia kwenye banda, unasubiri geti lifunguliwe. Likifunguliwa hutembei; unabebwa. MV Magogoni peke yake imejengwa kuchukua watu 2,000. Usiku mmoja nilikosa usingizi nikapiga hesabu: watu 2,000 wakiachiana mita moja kama Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri, wakipanga mstari mmoja, foleni itakuwa kilomita mbili. Mkondo wenyewe tunaouvuka haufiki hata kilomita moja. Yaani wa kwanza angeshafika ng'ambo, akanywa chai, akagombana na bosi, wa mwisho bado yuko mtaani kwao.

Hata hivyo nilijaribu. Nilifika bandani nikamwachia mita moja aliyekuwa mbele yangu. Ndipo nilipojifunza kwamba katika jiji la Dar es Salaam mita moja haiachwi wazi. Ukiiacha, watu wanaamini umewawekea. Aliingia kijana na begi lake, akaingia mama na mtoto, akaingia mzee mmoja akaniambia, "Ahsante sana mwanangu." Ningemwambiaje mzee kwamba nafasi ile haikuwa heshima? Nikarudi nyuma nikaacha mita nyingine. Pantoni mbili zikaondoka, mimi bado natoa nafasi.

Barakoa nilishonewa na fundi cherehani wa mtaani, kitenge, mikunjo mitatu kwa sababu nilimsisitiza. Ilikuwa imara mno, hata hewa ilishindwa kupita. Ikawa inapanda juu na kuingia kwenye miwani. Kwa hiyo kila nilipopumua nilipofuka. Katika hali hiyo nilimwamkia kwa heshima zote mwanamke niliyeamini ni mama mkwe wangu, na kwa kuwa mikono ilikuwa haipeanwi nikamnyooshea mguu, kama tulivyomwona Rais Magufuli akisalimiana na Maalim Seif kule Ikulu. Ukungu ulipotoka kwenye miwani nikaona nimemnyooshea mguu askari wa geti. Aliutazama mguu, akanitazama mimi, akasema, "Shuka ngazi, mzee."

Kitakasa mikono nilikinunua pale Feri kwa kijana aliyekuwa na meza ya chupa za bluu. Bei yake siitaji, bado naona aibu. Nilikipaka wiki tatu: nikishuka napaka, nikilipa napaka, konda wa daladala akinirudishia chenji naipaka na chenji yenyewe. Kilinukia vizuri. Nilichosahau ni kwamba kitakasa cha kweli hutakiwa kiwe na pombe asilimia 60 kwenda juu, na pombe ya kiasi hicho huwaka. Shemeji yangu, kijana asiye na adabu lakini mwenye akili, alikimimina kidogo kwenye kisahani akakisogezea kibiriti kilichowashwa. Kibiriti kikazimika. Akawasha cha pili, kikazimika. "Shem," akaniambia, "hiki ni kizima moto."

Tukio lililonivunja moyo, hata hivyo, halikuwa hilo. Lilitokea katikati ya mkondo.

Siku hizo kila aliyejiheshimu alitembea na chupa ya tangawizi na limao. Malimao yalipanda bei hadi tukawa tunayahesabu. Ya kwangu nilikuwa naichemsha kali, na kwa kuwa naamini kitu kikali kinaponya, sikuwa naichuja. Tulikuwa tumesimama sehemu ya wazi, upepo wa bahari unavuma, nikaona nivute barakoa pembeni nipige funda moja. Uzi wa tangawizi ukakataa kushuka.

Nilijizuia. Naomba msomaji aelewe nilivyojizuia. Mwaka ule mtu angeweza kuachia chochote hadharani ila kikohozi. Machozi yalinitoka, shingo ikavimba, nikawatazama watu kama mtu anayekumbuka jambo la huzuni. Mwisho kikatoka, na hakikutoka kimoja.

Nabii Musa aliipasua bahari kwa fimbo. Mimi niliwapasua abiria wa Kigamboni kwa kikohozi. Watu ambao kwa wiki nzima walikataa kunipa mita moja, sasa walinipa kumi. Duara likatokea, mimi katikati na chupa yangu. Kijana mmoja alipanda juu ya toroli lake. Mtu mwingine akawa anasali kwa sauti, na sina hakika kama alikuwa ananiombea mimi au anaomba pantoni iongeze mwendo. Kwa mara ya kwanza nikajiona kama wao walivyokuwa wakionwa na mimi kila asubuhi.

Aliyenisogelea ni mmoja tu, mama muuza samaki, ndoo kichwani, kanga ameipitisha puani kama anayekwepa vumbi.

"Mwanangu, umepaliwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Tangawizi?"

Nikatikisa tena.

"Mnaitafuna kama mbuzi," akasema, na kwa kiganja kile kile cha kushika samaki akanipiga mgongoni mara tatu. Uzi ukatoka. Magamba ya samaki yakabaki kwenye shati langu jeupe, nami kwa shukrani nikaenda nyumbani nikaliloweka shati hilo kwenye klorini, pamoja na suruali nyeusi. Shati lilitoka salama. Suruali ilitoka kama ramani ya visiwa vya Komoro.

Kuhusu kujifukiza nitasema kidogo tu, kwa sababu kovu liko mahali pasipoandikwa. Mwarobaini, mchaichai na majani ya mpera vilichemka vizuri, blanketi lilikuwa zito inavyotakiwa, sufuria ilikuwa katikati ya miguu. Mtu asipige chafya akiwa mle ndani.

Na ile noti ya elfu kumi? Uzi wake wa usalama ulijikunja kwa moto wa pasi, na hadi leo hakuna muuza duka aliyekubali kuipokea. Mwaka uliofuata, Aprili 2021, wataalamu wa Marekani wa kudhibiti magonjwa wakatoa makadirio: ukigusa kitu chenye kirusi, uwezekano wa kuambukizwa kwa mguso huo kwa kawaida haufiki mara moja katika 10,000. Moja katika elfu kumi. Nikaitoa noti kwenye droo, nikaitazama, nikairudisha.

Lakini turudi 2020. Mwezi Mei takwimu zilisimama. Tulibaki na wagonjwa 509 na vifo 21, tarakimu zile zile, mwezi baada ya mwezi. Sina utani na hilo. Tulizika watu tuliowajua, na msibani kila mtu alisema marehemu alikuwa na presha. Nadhani ndiyo sababu watu kama mimi tulizidi kuchanganyikiwa: mtu asipohesabiwa na serikali hujihesabia mwenyewe, na mimi nilihesabu kwa masikio, chafya hii, kikohozi kile.

Nikarudi kusoma. Safari hii nikakutana na jambo lililonikera kabisa: kwamba kirusi kile husambaa zaidi ndani kuliko nje. Nje kuna upepo, unakitawanya. Ndani, hasa mkifunga madirisha na kuwasha kiyoyozi, mnapumuliana. Nikakumbuka ofisi yetu, watu tisa, madirisha yamefungwa, barakoa zimetundikwa kwenye msumari kwa sababu "hapa tuko wenyewe". Kila siku nilikuwa nikipita pale penye upepo nikitetemeka, kisha naingia kwenye kile chumba na kusema afadhali nimefika.

Basi nikabadilika, na mimi nikibadilika huwa sibadiliki nusu. Nikahamishia maisha nje. Meza ya chakula ikatoka barazani. Asubuhi chai nje, jioni kabla ya jua kuzama mkeka nje, watoto nje, redio nje. Nikamweleza mke wangu sayansi yake. Karibu na mlango kulikuwa tayari na kituo chetu cha kunawia: ndoo ya koki, sabuni, na pembeni pipa la lita 200 la kujazia ndoo, maji safi kabisa, nilikuwa nimeyanunua kwa pesa. Pipa hilo lilikuwa wazi. Mfuniko niliuondoa mwenyewe mwezi wa nne, kwa sababu ulikuwa wa plastiki na kila anayechota aliushika, na plastiki, kama nilivyosema, ni siku tatu.

Wiki ya pili ya maisha hayo niliamka na homa. Kichwa kilikuwa kinapasuka, macho yanauma kwa nyuma, viungo kana kwamba nimepigwa na wezi. Nikawaaga watoto kwa mbali, kwa kupunga. Nikamwonyesha mke wangu daftari la madeni. Kwenye geti la kituo cha afya mlinzi alinielekezea kile kipimajoto cha bastola kwenye paji la uso, akasoma, akarudi nyuma hatua mbili bila kusema, akanielekeza kwa kidole.

Daktari alikuwa binti mdogo, mtulivu. Alinipima malaria, hakuna. Akaniuliza kama nakohoa; sikohoi. Kama nasikia harufu. Nasikia, hadi ya klorini kwenye mikono yangu. Akachukua damu tena, akaondoka, akarudi na kikaratasi.

"Mzee, una dengue."

Nilifurahi kiasi cha kumtia wasiwasi. Nikamuuliza dengue ni nini hasa, kwa sababu mwaka 2019 ilitutesa sana Dar es Salaam lakini mimi ilinipita.

"Ni kirusi," akasema. "Unakipata kwa mbu. Siyo wa malaria wa usiku. Huyu anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Unapenda kukaa nje?"

Nikanyamaza.

"Dawa yake hasa hakuna. Kunywa maji mengi, upumzike, homa utumie panado. Aspirini usiguse, inaweza kukuletea kutokwa damu. Ukiona unatokwa damu kwenye fizi, au tumbo linauma sana, rudi haraka." Akaandika, kisha akainua kichwa. "Mbu huyu hapendi maji machafu. Anazaa kwenye maji safi yaliyotulia. Nyumbani una pipa la maji?"

"Tunalo. La kunawia mikono."

"Lina mfuniko?"

Nilirudi nyumbani kwa bajaji nikiwa nimejifunga shuka. Kabla ya kuingia ndani nikapita pale mlangoni, nikawasha tochi ya simu, nikachungulia. Viluwiluwi walijaa juu ya maji, wanapinda na kunyooka, wamebanana, hakuna aliyemwachia mwenzake hata mita moja. Mfuniko ulikuwa stoo, juu ya kabati, nimeuosha kwa klorini na kuufunga kwenye gazeti.