Mshtakini Yule Msichana, Mimi Mniache Nisome

KWA: Wakuu wa Udahili, Mafunzo ya Uwakili

MINT.: C+ YA KISWAHILI YA MWAKA 1999

Wasomi watukufu,

Jibu lenu la kunikataa limenifikia salama, na nawashukuru kwa kuniandikia Kiingereza kizito kunieleza udhaifu wangu wa Kiswahili.

Nilipoleta maombi dirishani kwenu, karani wenu hakutaka kuiona shahada yangu ya ualimu. Ya uzamili hakuigusa. Ile ya sheria, ambayo wino wake haujakauka vizuri, aliisogeza kando kama kikombe kilichomzuilia mahali pa kuandikia. Kisha akauliza swali ambalo kila mwenye shahada nyingine aliyewahi kusimama kwenye foleni ile amelizoea: “Cheti cha kidato cha nne?” Kidole kikashuka. Kiingereza, B ya kutoa. Kiswahili, C ya kuongeza. Kikasimama hapo hapo: hakuna B kamili. “Pole, mama. Anayefuata!”

Kwa unyenyekevu mkubwa, naomba kuwaarifu kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Mitihani ya kidato cha nne, KCSE, inapokwisha, huwa miongoni mwa wanaoitwa kusahihisha karatasi ya 102/1, Insha. Ile B kamili mnayoidai hupitia mikononi mwetu, alama kwa alama. Nina uwezo wa kuchangia kumpa B mtoto wa mtu nisiyemjua, Wajir au Kwale, ila mimi mwenyewe naambiwa sikufikia. Baadhi ya niliowafundisha wamepita mlangoni kwenu na sasa ni mawakili. Mmoja wao ndiye aliyenithibitishia nakala za vyeti nilivyowaletea. Alipiga mhuri wa Kamishna wa Viapo, akakataa malipo, akauliza, “Mwalimu, wanakutilia shaka Kiswahili, wewe?” Nikamwambia aje awaulize nyinyi, kwa kuwa yeye atajibiwa.

Basi nina maombi machache.

La kwanza: ada ya maombi isiyorudishwa ibadilishwe jina, iitwe sadaka, ili tuitoe kwa moyo mkunjufu na tungoje malipo yake akhera.

La pili: karani aache kuniita “mama” wakati ananifukuza.

La tatu ndilo zito, na naomba mnivumilie nilieleze kwa kituo. Naomba mumfungulie mashtaka yule msichana.

Namsema yule wa miaka 17, aliyeketi chumba cha mtihani mwaka 1999. Kosa ni lake, mimi sikuwepo. Tangu mwaka wa kwanza tumefundishwa, kwa kesi ya Salomon ya Uingereza, kwamba Bwana Salomon mtengenezaji wa viatu ni mtu mmoja, na kampuni yake ni mtu mwingine, na deni la huyu si deni la yule. Ikiwa fundi viatu aliweza kutenganishwa na duka lake, nami nitenganisheni na msichana wa kidato cha nne. Kila mmoja abebe gredi zake.

Shtaka nimewaandalia ili nisiwasumbue: kwamba mshtakiwa, akiwa na akili timamu, alishindwa kupata B kamili kwa nia ya kumzuia mwanamke wa makamo kuwa wakili. Hati ya kuitwa shaurini ipelekwe shule ya kutwa aliyosomea, dawati la tatu kutoka dirishani. Asikataliwe kwa barua ya mistari minne. Asikilizwe, kama vifungu vya 47 na 50 vya Katiba ya Kenya vinavyotaka. Na kwa kuwa hajafika miaka 18, huyo ni mtoto, na kifungu cha 53 kinasema maslahi bora ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Mtasema Katiba hiyo ni ya 2010 na mtihani ulikuwa wa 1999. Sawa. Lakini sheria ya udahili mliyotumia kunikataa ni ya 2012. Yenu ikiweza kurudi nyuma kumfuata mtoto darasani, yangu nayo irudi imtetee.

Shahidi wa kwanza wa utetezi atakuwa mwalimu wa Kilimo. Yeye ndiye aliyetufundisha Kiswahili kidato cha tatu, baada ya mwenye somo kuhamishwa na mwingine asiletwe. Aeleze chini ya kiapo jinsi alivyojitahidi na ngeli akitoka shambani na jembe lake. Kielelezo cha kwanza kitakuwa kitabu teule, nakala moja kwa madawati matatu, kurasa za mwisho hazimo, hata tukaingia mtihanini hatujui nani alikufa.

Kisha wakili wake atainua pingamizi la awali: shauri limepitwa na muda. Chini ya Sura ya 22 ya sheria zetu, inayoweka ukomo wa mashauri, madai ya madhara hukoma baada ya miaka 3, ya mkataba miaka 6, ya ardhi miaka 12. Aliyekalia shamba la mwenzake waziwazi kwa miaka 12 bila kufukuzwa anaweza kwenda mahakamani akatangazwa mwenyewe. Mimi nimekikalia Kiswahili darasani, chaki mkononi, kwa muda mrefu kuliko huo, na bado naambiwa si changu. C+ ndilo deni pekee nchini lisilozeeka.

Mkimpata na hatia, mhukumuni. Arudie kidato cha nne, apige deki bweni ambamo hakuwahi kulala. Mimi niacheni niingie darasani.

Najua mtanijibu kwamba mnalinda heshima ya taaluma. Tulindiane basi. Sura ya 8 ya sheria zetu bado inatutuma kwa Mwingereza, tuchukue sheria zake kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Wigi tulilichukua, na joho pia. Huko kwao aliyesoma fizikia au muziki husoma kozi fupi ya kuhamia sheria, akaendelea na safari ya uwakili. Jonathan Sumption alisoma historia na kuifundisha Oxford kabla ya kuwa wakili. Mwaka 2012 akaketi katika Mahakama ya Juu ya Uingereza. Marekani nako, kwa kawaida mtu huingia shule ya sheria akiwa tayari ana shahada ya fani nyingine. Sisi tunamwona mtu wa namna hiyo kama mdandiaji.

Na wadandiaji wenyewe ni kina nani? Kwenye masomo ya jioni ya sheria niliketi na muuguzi aliyejua jinsi hospitali inavyompoteza mgonjwa, kabla yeye hajafika ukurasa wa uzembe kitabuni. Niliketi na mpima ardhi aliyekwisha kuona majirani wakipigana kwa jiwe la mpaka. Mhasibu wetu alikuwa akisoma hesabu za kampuni na kutuonyesha wizi ulipolala. Watu hawa walikuja kwa sababu waliambiwa waje. Kanuni za elimu ya sheria za 2016 zinasema waziwazi kwamba shahada kutoka chuo kikuu kinachotambuliwa inatosha kumwingiza mtu darasa la sheria. Waliingia. Walilipa karo muhula hadi muhula, wakaacha watoto wamelala na kuwakuta wamelala. Walipomaliza, mlango wa pili, huu wenu, ukawauliza walichofanya wakiwa na miaka 17.

Huku ni kula jasho la watu. Hakuna aliyewaficha kitu. C+ ilikuwa pale siku ya kwanza, siku karo ilipopokelewa na risiti kukatwa, na hakuna aliyeona haja ya kuinyooshea kidole. Kidole kilipatikana pesa zilipokwisha. Wenye nguvu wameshtaki, na mabishano haya yamefika hata Mahakama ya Rufani. Wasio na nguvu wamerudi makazini na shahada ya sheria ndani ya bahasha, wakisema waliisoma kwa kujifurahisha.

Samahani, watukufu. Nimepandisha sauti ndani ya ofisi.

Ombi la mwisho halina mzaha. Chagueni moja. Ama shahada inamstahilisha mtu, na basi imstahilishe katika milango yote miwili. Ama haimstahilishi, na basi aambiwe hivyo kabla hajalipa shilingi ya kwanza. Bandikeni masharti yenu yote kwenye lango la kila kitivo cha sheria, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili. Mkikosa wa kuyatafsiri, nipo. Kazi hiyo nitaifanya bure.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa Kiswahili, mwenye shahada ya sheria