Namna ya Kusubiri Ajira Katoro Bila Kufukuzwa Nyumbani

Kwanza kubali kwamba umezaliwa mahali pabaya pa kutafutia kazi. Mwenzako wa Dodoma anaweza kukaa miaka mitatu na shahada yake kabatini na majirani wasishtuke, maana kila nyumba ya mtaa ule ina shahada yake kabatini. Katoro si hivyo. Hapa yupo kijana aliyeishia la saba, akazama duarani, yaani shimo la dhahabu, huko Lwamgasa, duara likatema, na leo ana vyumba vya kupangisha, bodaboda tatu na kitambi. Mama atamtaja wakati wa kula. Hatasema zaidi. Atamtaja tu, kisha atakusogezea bakuli la mboga.

Kwa hiyo anza na lugha. Usiseme "sina kazi", na "natafuta kazi" nayo iache, kwa sababu inamkaribisha msikilizaji akupe ushauri, na mwenye ushauri Katoro huwa ana nafasi ya kubeba magunia sokoni. Wewe sema: "Nipo kwenye mchakato." Mchakato hauna tarehe wala risiti, na hakuna anayethubutu kuuliza umefika wapi. Wanasiasa wameishi nao miaka mingi na wanakula vizuri.

Halafu nyaraka. Utahitaji namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, na wakili wa kugonga muhuri kuthibitisha kwamba kopi ya cheti chako ni kopi ya cheti chako. Utahitaji pia wadhamini watatu wenye heshima na wanaopatikana kwa simu. Ninaowajua mimi, wenye heshima hawapokei simu, na wanaopokea wananidai. Tangazo likidai uzoefu wa miaka mitatu, usikasirike. Mimi nina uzoefu wa miaka minne, tatizo ni kwamba wote ni wa kuomba kazi, na kwenye mfumo wa Ajira Portal sijaona kisanduku chake.

Nyumbani wakianza kuchoka, waeleze jambo hili kwa lugha ya machimbo, watakuelewa. Mchimbaji wa duara halipwi mshahara. Mwenye duara anamlisha, ananunua matimba ya kuzuia shimo lisibomoke, anakodi pampu ya kuvuta maji, na wote wanangoja. Inaweza kupita miezi hawajauona mwamba. Siku mawe yakipatikana, mifuko inapangwa na kila mtu anachukua mgao wake. Sasa mimi ni duara, na mama ndiye mwenye duara. Amenilisha tangu darasa la kwanza, ameweka matimba ya ada na sare, na mgao ulishapangwa zamani: bati za nyumba, ada ya mdogo wangu, na sadaka ya shukrani ambayo kiasi chake mama na mchungaji wameshakubaliana. Bodi ya Mikopo nayo ina mfuko wake, asilimia 15 ya mshahara, kabla hata jiwe halijapelekwa karasha kusagwa. Duara halijatema, lakini wagawaji tupo kamili.

Kuna tofauti moja inayonikera, nikiri. Mchimbaji akikosa hapa anahamia rashi nyingine, machimbo mapya, na watu wanasema hana bahati, Mungu atamwona. Mimi nikikosa usaili wanasema sijajituma.

Mtu akikwambia hivyo, mpe hesabu ya Uwanja wa Taifa. Juni 2014 Uhamiaji walikuwa na nafasi 70. Waliojitokeza kwenye usaili walizidi 10,000, ukumbi wa kuwatosha ukakosekana, wakaketishwa kwenye majukwaa ambayo siku nyingine hukaliwa na mashabiki wa Simba na Yanga. Nafasi moja, watu zaidi ya 140. Hata duara bovu kabisa la Nyarugusu halijawahi kuwa na wachimbaji 140 wanaogombea mfuko mmoja, wangeshachapana sululu.

Ukiitwa usaili Mwanza, wahi. Zamani tulikuwa na kivuko cha Busisi, na kivuko kilikuwa rafiki wa waliofeli: ungerudi nyumbani ukasema foleni ya magari ilikuwa ndefu, umefika mlango umefungwa, na kila mzee angetikisa kichwa kwa huruma. Juni 2025 wamefungua daraja la kilomita tatu juu ya ziwa. Unavuka kwa dakika chache. Nalipenda daraja lile kama Mtanzania, ila limetuvua nguo.

Kuhusu koneksheni sina mengi. Kila mtu Katoro ana mtu anayemjua mtu mgodini. Akikuomba laki mbili "za kusukuma jina", mwulize jina limekwama wapi, mkalisukume wote wawili bure.

Muda mrefu utakaobaki, utumie vizuri. Mimi kwa kujaza fomu nyingi za kwangu nimekuwa fundi wa kujaza za wengine. Nimepewa kiti kwenye duka la steshenari, karibu na stendi. Naandika wasifu, napunguza ukubwa wa picha, nakumbuka nywila ambazo wenyewe wamezisahau. Hiyo nayo usiiite kazi mbele ya mama. Ataanza kuhesabu mgao.

Na namba ngeni ikipiga, toka nje, kohoa, simama wima, upokee kwa sauti ya mtu wa mshahara wa TGS D. Juzi nilifanya hivyo hivyo. Kumbe ni mjomba, amebadilisha laini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Yule binti wa jirani uliyemjazia fomu mwezi ule, unamkumbuka? Ameitwa kazini. Yuko hapa, anaruka ruka tu. Anauliza kama duka liko wazi, anataka kopi za vyeti, kesho anasafiri."

Nikamwambia liko wazi. Kopi moja shilingi mia, ya rangi mia tano, na aje kabla umeme haujakatika.